Mzee Aliyetuuliza Kama Tumeenda

Watu wengine wakikutana asubuhi wanaulizana habari za kulala. Yeye hakuuliza hivyo. Katika kambi yetu ya Likasi, kuanzia safu ya kwanza ya nyumba mpaka ile ya mwisho karibu na reli, alipita kila asubuhi na koti lake jeupe lililokuwa limegeuka rangi ya majivu. Alisimama mbele ya mlango wako, akakutazama macho, akakuambia utoe ulimi, kisha akauliza: "Ulienda?"

Maana yake, ulienda chooni? Na ukijibu ndiyo, hakukuachilia hapo. Mara ngapi? Rangi gani? Ngumu ama maji? Ilitoka yenyewe ama uliilazimisha? Aliuliza mbele ya wakwe zako, mbele ya pasta, mbele ya msichana uliyekuwa unataka kumuoa. Hakushusha sauti. Kwake lilikuwa swali safi kuliko yote.

Tulimwita Enfirmie. Jina lake ninalijua, lakini hata mke wake alimwita hivyo mbele ya watu, basi na mimi nitabaki hapo. Alikuwa muuguzi wa dispanseri ya kampuni ya shaba miaka mingi. Kampuni ilipoanza kufa, miaka ile ya tisini, dawa ziliisha, wauguzi wenzake wakaondoka mmoja mmoja, na dispanseri ikabaki na meza, kitanda kimoja cha chuma, na makopo ya aspirini. Yeye akabaki na hivyo vitu.

Nitasema mapema jambo ambalo mwingine angelificha mpaka mwisho, kwa sababu mimi si mtu wa kuzungukazunguka. Mzee huyu aliuawa na ugonjwa wa aina aliyokuwa akiitafuta kwetu sisi wote kila asubuhi. Na mtu wa kwanza kuuona alikuwa mimi. Niliuona mapema, wakati labda bado kulikuwa na la kufanya. Nikanyamaza.

Mnijue na mimi kidogo, mpate kuelewa kwa nini niliona. Sikusoma sana, niliishia mwaka wa tatu wa shule ya msingi. Leo nina duka la vifaa vya ujenzi, nina kamioni mbili, na nyumba yangu ina vyoo vitatu, vyote ndani, vyote vinavuta maji. Hakuna mjomba aliyenisaidia. Nilianza na chepeo moja. Nyumba za kambi zilikuwa na vyoo vya kuvuta maji, vya kizungu, na watu walijivunia. Lakini maji yalikuwa yanapandishwa na pampu, pampu zilikuwa zinakula umeme wa bwawa la Mwadingusha, na zilipoharibika hakuna aliyekuja kuzitengeneza. Katika majuma mawili vyoo vilijaa hadi juu. Makarani waliokuwa wanavaa tai walikuwa wanaenda kujisitiri kwenye mahindi, wameshika karatasi za ofisi. Nani achimbe mashimo? Kazi hiyo kila mtu aliiona ni ya aibu. Mimi nikasema, aibu hailishi watoto. Nikachimba. Nilikuwa nachimba shimo la mita nne kwa siku mbili, katika udongo mwekundu ule unaokuwa kama tofali wakati wa kiangazi, na hakuna mtu Likasi nzima aliyenifikia. Na mashimo yalipoanza kujaa, ni mimi niliyekuwa nayachota kwa ndoo na kubeba kwa pusupusu yangu ya magurudumu mawili.

Nilijiwekea sheria moja, na ndiyo iliyonifanya niwe mtu: mchimba choo hana mdomo. Katika shimo la mtu unaona mengi. Unaona mimba zilizotolewa, unaona chupa za pombe za mlokole, unaona vitu vilivyoibwa vikatupwa. Mwenzangu mmoja alijaribu kazi hii baada yangu, akaanza kusimulia aliyoyaona kwenye kilabu. Hakumaliza mwezi. Mimi waliniita wote, Wakatoliki na wa uamsho, kwa sababu mdomo wangu ulikuwa umekufa.

Enfirmie hakuyapenda mashimo yangu hata kidogo. Siku nilipomaliza lile la kwanza, alikuja, akainama, akachungulia ndani muda mrefu. Nikangoja sifa.

"Patron Shimo," akaniambia, na jina hilo lilibaki kwangu kwa sababu yake, "weye unanifunga macho."

"Namna gani, papa?"

"Mu choo ya kuvuta mayi, muntu anaangalia nyuma kabla ya kuvuta. Anaona. Sasa kintu inaanguka mu giza, paf, imekwisha. Muntu atagonjwa miezi sita bila kujua."

"Lakini papa, bantu balikuwa banaenda mu mahindi."

"Mu mahindi angalau niliona."

Na kweli alikuwa anaenda kuona. Watu walimcheka, walisema Enfirmie anakula kwa macho. Hakujali. Baada ya hapo aliamuru kila nyumba yenye mtoto iwe na kopo, kopo lolote, la maziwa ya unga au la rangi, na mtoto aendee humo, na lisimwagwe kabla hajapita. Mama zetu walinung'unika, lakini walifanya. Asubuhi ungeona makopo yamepangwa nje ya milango, yamefunikwa na majani ya mgomba, na yeye anapita anafunua moja moja kama mwanamke anayeonja sufuria sokoni. Hili la kijani, mtoto ana homa ya tumbo. Hili lina kamasi na damu kidogo, amiba, msimpe maji mabichi. Hili limejaa minyoo. Siku aliyofunua kopo akaona maji meupe kama maji ya kuoshea mchele, alijua ni kipindupindu. Alivua koti, akalifunga kiunoni, akaanza kuchemsha maji mwenyewe, chumvi na sukari, na hakutoka kwenye nyumba ile siku nne. Mtoto yule yuko hai, ana ndevu.

Alikuwa na misemo yake. Alisema, mdomo unaongea vile unataka, choo kinaongea vile kiko. Sisi tuliofanya kazi karibu na tanuru tulimwelewa zaidi aliposema kwamba mwili ni tanuru ya shaba. Fundi mwenye akili hatazami moto peke yake. Anatazama takataka zinazotoka chini, rangi yake, uzito wake, na kwa hizo anajua kama ndani mambo yanaenda au yameharibika. "Bote munaangalia kinachoingia," alisema. "Na sasa hata kile hakiingie. Muangalie kinachotoka."

Hapo pa kutokuingia ndipo alipokuwa mkubwa kuliko madaktari.

Kampuni ilikuwa baba na mama yetu. Ilitupa posho ya unga, ikatupa nyumba, shule, hata jeneza. Basi posho ilipokatika, watu hawakujua kuomba. Hatukuwa tumefundishwa. Mwanaume aliyekuwa na mashine yake na helmeti yake, utamsikia akisema nina njaa? Afadhali afe. Mwanamke aliwasha moto mchana na kuweka sufuria ya maji juu yake ili majirani waone moshi. Ukiuliza, walisema tumekula, asante. Basi Enfirmie aliwakamata kwa swali lake. Siku moja nilikuwa nachimba nyuma ya nyumba ya mama mmoja mjane, nikamsikia.

"Mama, mulienda leo?"

"Tulienda, Enfirmie. Bote."

"Batoto pia?"

"Batoto pia."

"Rangi gani?"

Yule mama akacheka. "Rangi ya mavi, Enfirmie. Ulitaka ya bendera?"

"Minye nilipita ku kabine yenu ya choo," akasema polepole. "Inzi hamuna. Mahali bantu banakula, inzi beko. Benu balihama, balienda kutafuta kazi ku mutaa wa Panda."

Mama yule aliacha kucheka. Nilichungulia, nikamwona ameshika mlango kwa mikono miwili. Mtu asiyekula haendi, ndilo jambo lenyewe. Kusema nilienda lilikuwa limekuwa jambo la kujivunia, kama kusema nina mshahara. Watu walidanganya kuhusu choo ili wasiseme njaa.

Enfirmie akamwacha. Alienda kwa mama za kanisa, wa Kikatoliki na wa maombi, bila kubagua, na kwa wote alisema maneno yale yale: "Nyumba ya tano kwa reli haiendi." Walielewa. Jioni mama mmoja alienda na beseni la unga limefunikwa kitambaa, akamwambia mjane, tuwekee hapa mama, kwangu kuna panya. Na hakurudi kulichukua. Hivyo ndivyo kambi yetu ilivyolishana miaka miwili. Hakuna aliyeomba, na hakuna aliyetoa.

Mimi mwenyewe alinishika. Nilikuwa nachimba toka asubuhi hadi jua kuzama bila kunywa, maana kunywa ni kupoteza muda, na mimi muda wangu nilikuwa siuchezei. Nikafunga tumbo. Siku sita. Nilipojilazimisha ilitoka damu nyekundu, nikajua wivu wa watu umenifikia.

"Patron Shimo, ulienda?"

"Nilienda, papa."

"Lini?"

"Juzi."

"Juzi ya gani? Unatembea sawa muntu alimeza chepeo."

Nikamwambia basi kwa siri kwamba wananiroga kwa sababu ya kazi yangu.

"Nani atakuroga? Bachawi bote ba Likasi beko na njaa, habana nguvu. Ile damu ni nyekundu?"

"Nyekundu."

"Inakuja mwisho, inapaka juu?"

"Inapaka juu."

"Basi iko karibu na mulango, ni kidonda ya kulazimisha. Haikutoka mbali. Unakunywa mayi ngapi?"

Akanipa maji kuwa dawa, chupa mbili kwa siku mbele ya macho yake, papai zima na mbegu zake, na amri: ukisikia hamu, acha chepeo, enda saa ile ile. "Choo ni sawa mugeni," aliniambia. "Akipiga hodi mara tatu haumufungulii, anarudi kwabo. Na akirudi kwabo, njo unaanza kumutafuta na mwanga." Siku ya tatu nilienda. Nilikimbia kumwambia kama mtu aliyepata kazi.

Ndipo alipoanza kunifundisha, kwa sababu alisema mimi tu ndiye niliyebaki na macho, ninayeona ndani ya mashimo. Alikaa kwenye rundo la udongo wangu akitafuna aspirini, mimi niko ndani nachimba, naye ananisomesha toka juu. Ya mbuzi, vipande vipande: maji hayatoshi, au mtu ana hofu. Inayoelea na kung'aa mafuta: chakula kinapita bila kuguswa. Nyembamba kama mkia kwa mtu mzima ambaye zamani hakuwa hivyo: mwangalie sana huyo. Kubadilika ndiko kubaya, alisema. Mtu aliyezoea kwenda kila siku akianza kwenda kila baada ya siku nne, au aliyezoea siku nne akianza kwenda mara nne, kuna jambo. Na nyeusi. Juu ya nyeusi alirudia mara mbili, na nitaisema mahali pake.

Asidhani mtu kwamba kujua kwake kuliwaponya wote. Kulikuwa na mfanyakazi mmoja wa tanuru, macho yake yaligeuka manjano kama yai. Pasta wake aliwekea nyumba ile mfungo wa siku saba, akasema ni pepo la babu. Enfirmie alifika katikati ya maombi, mimi nikiwa uani, akangoja amina, akamuuliza mke wa mgonjwa: "Rangi gani?"

"Nyeupe," mke akasema. "Sawa pemba, udongo mweupe."

"Na mukojo?"

"Sawa chai."

Akakaa kwenye kizingiti. "Pasta," akasema, "uombe. Lakini uombe ukijua: njia ya nyongo imefungwa. Usimuombe Mungu sawa muntu anatupa jiwe mu giza."

Zamani mgonjwa kama yule angepelekwa kupasuliwa. Lakini ambulensi ya dispanseri ilikuwa imesimama juu ya mawe manne, magurudumu hayapo, kuku walikuwa wanataga ndani. Yule mtu alimaliza mwezi, akafa. Baada ya mazishi mke wake alimuuliza Enfirmie, mbele yangu, kwa uchungu: "Juu ya nini uliniuliza, na dawa haukuwa nayo?"

Akamjibu: "Mama, muntu asikufe bila muntu mwingine kujua nini ilimuua. Ile tu nilikuwa nayo."

Nimekwisha kusema alikuwa na misemo yake. Alikuwa na mengine pia ambayo hayakupatana. Alinawa mikono mpaka kiwiko, kwa majivu akikosa sabuni, na bado alikula amesimama, haraka, kama mwizi. Aliwagombeza watu wanaolala njaa, na mke wake aliniambia kwamba sahani yake alikuwa anaipunguza kabla ya kula, anaitoa nje imefunikwa. Alitukataza aspirini tumbo likiwa tupu. "Inakula ngozi ya ndani," alisema. Na yeye alizitafuna kama karanga toka asubuhi, kwa ajili ya magoti, kwa ajili ya kichwa cha njaa, na chakula ndani hakipo. Nilimwambia mara moja. Akanijibu, "Minye najua kipimo."

Na huyu mtu aliyefunua makopo ya kambi nzima, cha kwake hakukiongea. Alienda chooni kukiwa na giza la alfajiri. Alitundika koti lake juu ya mlango, na mke wake akilikuta pale alirudi nyuma. Tulilicheka koti lile, tulisema Enfirmie yuko kwenye maabara. Hakuna aliyefikiri zaidi. Na sasa ninaona kitu ambacho wakati ule hakuna aliyekiona. Kwetu mtu akikuuliza umelala namna gani, unajibu, kisha unamrudishia: na weye? Ndiyo heshima. Lakini swali la Enfirmie tulilijibu tu, tukaingia ndani. Nani amuulize mzee kama ameenda chooni? Miaka yote hiyo, nyumba zote hizo, hakuna aliyemrudishia salamu yake.

Shimo lake nilimchimbia mimi, bure, nilijisifu nalo. Lakini pale kwake kulikuwa na jabali, sikupita mita moja na nusu. Mvua za kwanza za mwaka ule zilipoanza, likajaa.

"Acha, Patron," aliniambia. "Bado kidogo."

Mke wake akasema limefika juu, funza wanatoka. Basi nilingoja ameondoka kwenye mzunguko wake, nikainua mfuniko, nikaweka ndoo.

Niliona. Nyumba ile walikuwa wawili tu, mzee na mkewe. Watoto wao walikuwa wameenda zamani Lubumbashi. Juu kulikuwa na cha kawaida, na katikati yake, tabaka juu ya tabaka, nyeusi. Nyeusi ya lami ya barabara. Ilinata kwenye ndoo, ilikuwa inang'aa. Na harufu ile. Mimi pua yangu ilikuwa imekwisha kufa kwa kazi, lakini harufu ile ilinifanya nitoke nje ya uzio nishike mti.

Mke wake alileta majivu. Nikamuuliza, nikitazama ndoo, "Mama, Enfirmie anakunywaka dawa gani?"

"Ile ya kuongeza damu, ya chuma. Alisema inageuzaka rangi, nisishangae."

Nikasema sawa. Lakini nilijua, maana alinifundisha mwenyewe, amekaa juu ya udongo wangu, mara mbili. Chuma inafanya nyeusi ya makaa, alisema, ngumu, haina hadithi. Damu iliyotoka juu, mu tumbo, inapikwa njiani, inafika chini nyeusi ya lami: inang'aa, inanata, na harufu yake ukiisikia mara moja hautaisahau. Muntu wa vile usimuache alale, umupeleke.

Nilichota yote. Nilimwaga majivu. Saa sita mchana alirudi, akanikuta naosha ndoo. Akasimama. Hakuniambia nitoe ulimi. Alinitazama usoni kwa muda mrefu kuliko siku zote.

"Ulimaliza?"

"Nilimaliza, papa."

"Ilikuwa muzuri?"

Nilikuwa na ile sheria yangu. Mchimba choo hana mdomo. Na mbele yangu alikuwa mtu mkubwa, sawa na baba yangu, nami ningesema nini, papa nimeona mavi yako? Ulimi ulikuwa mzito kama mfuniko wa saruji.

"Muzuri," nikasema.

Alisimama bado kidogo, kama mtu aliyesikia gari kwa mbali na sasa halisikii. "Bon," akasema. Akaingia ndani.

Mvua zilinyesha, mahindi yakapanda. Midomo yake ikawa rangi ya koti lake. Alianza kukaa chini kila baada ya milango mitano, kisha mitatu. Watu walisema ni njaa, ni uzee, ni mawazo ya kampuni. Mimi nilikuwa nazungumza na wakubwa bila kuogopa, nilikuwa nabishana na wanajeshi sokoni Kikula juu ya pusupusu yangu na wananiachia. Na kila asubuhi mzee alisimama kwangu, akishika nguzo, akauliza, ulienda? Nikajibu, nilienda, papa, mara moja, rangi ya udongo, laini. Naye akangoja. Kila siku alingoja kidogo baada ya jibu langu. Nilidhani anapumzika.

Wakati wa kuvuna mahindi, asubuhi, mke wake alikuja kwangu bila kitambaa kichwani. Enfirmie alikuwa ameanguka chooni, koti liko mlangoni. Ambulensi mnaijua. Gari lenye mafuta halikuwepo kambini. Chombo chenye magurudumu kilikuwa kimoja tu, na kilikuwa changu.

Niliimwagia pusupusu maji ya moto mara tatu, nikaisugua na majivu mpaka mbao zikawa nyeupe. Nikaweka godoro. Tulipomvika koti lake na kumlaza, alifumbua macho, akanusa.

"Hii inabeba mavi tu," akasema.

"Niliiosha, papa."

"Najua. Sikusema kitu. Leo mavi imevaa koti."

Mke wake akamwambia anyamaze, asipoteze nguvu. Tukaondoka. Mimi nilishika mikono ya mbele na kuvuta, mama alisukuma nyuma. Watu walitoka milangoni. Walisimama tu. Wengine walikuwa na makopo mkononi.

Ninapovuta simwoni mtu aliye nyuma yangu. Nilikuwa nimempa mgongo, naona barabara na mashimo yake. Tulipopita nyumba ya tano, nikasikia sauti yake karibu na kiuno changu, nyembamba.

"Patron Shimo. Ulienda leo?"

"Nilienda, papa."

Akangoja, kama siku zote. Gurudumu la kushoto lilikuwa linalia. Tukafika kwenye reli, nikasimama kutafuta mahali pa kuvukia, na kwa kuwa sikumwona, na yeye hakuniona, mdomo wangu ukafunguka.

"Na mweye, papa? Mulienda?"

Niliinua magurudumu, reli ya kwanza, reli ya pili. Tulipokuwa ng'ambo akasema, "Unauliza leo."

"Ninauliza leo."

Basi akanipa taarifa, kama muuguzi anayemwachia mwenzake zamu, bila kuficha, neno moja moja na pumzi kati yake. "Mara tatu tangu jana. Nyeusi. Inang'aa. Inanata. Na sasa na nyekundu ndani, maana inatoka mbio, haipati muda wa kupikwa. Harufu, weye unaijua."

"Ninaijua, papa."

"Weye uliijua tangu lini?"

"Tangu mvua ya kwanza."

Pusupusu ikawa nzito ghafla mikononi mwangu. Sikugeuka, lakini nilielewa: nyuma, mama alikuwa ameacha kusukuma. Tukasimama hapo katikati ya barabara, na lango la hospitali lilikuwa linaonekana, mbali bado, juu ya mwinuko.

"Niliogopa kusema mwenyewe," alisema yule mzee mgongoni kwangu. "Minye niliuliza bantu bote, nilijua kuuliza tu. Nikasema, siku muntu mumoja ataniuliza, nitasema. Siku ile ulichota, nilifikiri njo ile siku."

Jua lilikuwa limepanda.

"Mama, sukuma," Enfirmie akamwambia. "Patron amechoka."

Mama akasukuma.